Sura ya Sita: Moto wa Mifupa

Sajini Khaemba aliliona jino la Thuo kwenye dirisha la bucha ya Wazungu mjini Nakuru, asubuhi ya Jumatatu, akiwa njiani kwenda kazini. Nyuma ya kioo kulikuwa na kichwa cha nguruwe juu ya sinia, mdomo wazi, kimezungushiwa majani mabichi kama bwana harusi. Ndani kabisa ya taya la chini yalikuwa magego, mafupi na manene, yenye vinundu, yamelika juu kama ya mtu mzima aliyetafuna ugali miaka thelathini.

Khaemba alitoa kisanduku cha kibiriti mfukoni. Ndani yake, juu ya pamba, lilikuwa gego moja lililotiwa weusi na moto. Hilo ndilo lilikuwa kielelezo namba mbili katika kesi ya mauaji ya Thuo, kibarua wa shamba la Bwana Halliday huko Kabazi. Alilishika karibu na kioo, akatazama hili, akatazama lile, mpaka bibi mmoja wa Kizungu akavuka barabara kumkwepa.

Mwafrika hakuhudumiwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akamkuta mkata nyama aitwaye Nyongesa, mtu wa kwao, akisugua gogo la kukatia. Alimpa jino, akamwomba alilinganishe na meno ya kile kichwa cha dirishani. Nyongesa hakuhitaji hata kwenda dirishani.

"Hii ni ya nguruwe, Sajini. Mimi naona hizi kila siku. Umeitoa wapi?"

Khaemba aliketi juu ya kreti tupu. Alhamisi ya wiki hiyo Kahiga, kaka yake Thuo, angesimama mbele ya jaji kwa kosa la kuua, na jino hilo ndilo lililompeleka huko.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Tarehe mbili Juni, siku malkia mpya alipotawazwa Uingereza, Bwana Halliday aliwasha moto mkubwa juu ya kilima cha shamba lake na kuwapa vibarua pombe ya bure. Kando ya moto huo Kahiga na mdogo wake waligombana. Thuo alitaka kuhama shamba, na Kahiga hakutaka kuachiwa peke yake kazi ya kumtunza mama yao, Nyakio. Watu walimwona Kahiga akimsukuma mwenzake, wakaona cheche zikiruka. Asubuhi Thuo hakuwapo. Siku ya tatu Khaemba alichakura majivu, akapata mifupa iliyopasuka vipande vipande, na jino moja zima.

Mifupa ilipelekwa kwa daktari Nairobi, na Nairobi ya mwaka huo wa 1953 ilikuwa na maiti zake tele. Majibu hayakurudi. Jino lilibaki kwa Khaemba, naye akalizungusha. Wachungaji wa Kikipsigis walilitazama wakasema si la ng'ombe. Wazee wa Kikuyu wakasema si la mbuzi, wala la kondoo. Khaemba mwenyewe, mtoto wa boma, alijua meno ya kila mnyama aliyewahi kuchinjwa kwao. Kama si la mnyama, wakakubaliana wote, basi ni la mtu. Nguruwe hakumjia mtu akilini. Nguruwe alikuwa mali ya mzungu, alikaa bandani kwa mzungu, akaliwa mezani kwa mzungu, na wanaume wale hodari walipohesabu wanyama wa dunia walimruka.

Haraka haraka haina baraka, na Khaemba alikuwa na haraka. Alimsimamisha Kahiga siku mbili usiku na mchana bila kumruhusu kulala. Siku ya pili akamtia jino kiganjani, akamwambia hilo ni la mdogo wake. Kahiga, ambaye pombe ilikuwa imemfutia kila kitu baada ya zile cheche, alilitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi ni mimi." Maneno hayo aliyarudia mbele ya hakimu, wala hakuna aliyemgusa.

Ingekuwa afadhali yangeishia hapo. Lakini Khaemba alitaka faili lisilo na tundu, akalipeleka jino kwa mama pia. Nyakio alilifunika kwa viganja vyake viwili. Kisha alisimama mbele ya vibarua wote, akamlaani Kahiga kwa jina lake, neno kwa neno, asiwe na mtoto wa kumzika wala moto wa kuota. Kwa Wakikuyu, laana ya mzazi haina rufani, na ni yeye tu aliyeitoa awezaye kuiondoa. Khaemba alikuwa pale pale, daftari mkononi, akiandika tarehe na saa.

Saa nne asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa Kabazi. Bwana Halliday alimpokea verandani, mzee mrefu mwenye miwani, aliyewahi kufundisha Kilatini kwao kabla ya kuja kulima. Alikaa yeye, Khaemba akasimama, wakazungumza Kiingereza. Sajini hakumtolea jino. Aliuliza tu kama palikuwa na mifupa yoyote ndani ya kuni kabla moto haujawashwa.

Halliday alichangamka kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu wake.

"Neno bonfire, Sajini. Unajua limetoka wapi?"

Khaemba alisema misheni walifundishwa kwamba jina hilo la moto wa sherehe maana yake ni moto mwema, kutokana na bon ya Kifaransa. Halliday alicheka kwa raha ya mwalimu aliyekamata kosa, akaingia ndani, akarudi na kamusi nene kama tofali. Alieleza kwamba kosa hilo si la misheni peke yake. Hata mtunga kamusi mmoja mashuhuri aliwahi kuliandika. Watu walikuwa wameisahau mifupa, wakaona bon, wakajitungia asili tamu. Lakini miaka karibu mia tano iliyopita neno liliandikwa banefire, na mwandishi akaweka Kilatini kando yake asije mtu akapotea: moto wa mifupa. Bone na fire, basi. Kaskazini ya kwao kulikuwa na mji ambako watu walikusanya mifupa mikuukuu mwaka mzima, wakaitunza kwa ajili ya moto wa sikukuu. Yeye kwa heshima ya malkia alitaka kufanya kama mababu. Aliagiza mkokoteni mmoja wa mifupa ya ng'ombe kutoka jalalani, mikavu, iliyokaa juani miaka.

Khaemba alipenda maneno. Huo ulikuwa udhaifu wake. Chini ya kitanda chake alikuwa na kamusi iliyopoteza jalada, na jioni aliisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Kwa muda kidogo alifurahi kabisa. Mifupa imeelezeka, hakuna aliyedanganya, kila mtu amekosea tu. Halafu alikumbuka kwamba jino lile lilikuwa la nguruwe, si la ng'ombe. Akakumbuka pia kile alichofundishwa dakika hiyo hiyo, kwamba maelezo matamu hushika kwa watu hata yakiwa si ya kweli.

Alimwuliza kwa nini hakuyasema hayo mwezi uliopita, walipokuwa wakichakura majivu mbele ya macho yake. Halliday alifunga kamusi. Alisema hakuulizwa.

Kilimani mvua ilikuwa imeyasawazisha majivu. Khaemba aliazima jembe, akachimba mpaka akafika udongo wa chini. Ulikuwa mweusi, mzito, ukagandamana na jembe. Aliusugua kati ya vidole ukateleza. Sisimizi walijaa humo kama kwenye sufuria isiyooshwa. Mtu aliyelelewa kando ya moto wa kuchomea nyama hahitaji daktari wa Nairobi kumwambia kwamba mfupa mkavu hautoi mafuta. Hapo palikuwa pameungua nyama. Alifuata unyevu huo kwa hatua, huku na huku, akakuta umeenea upana wa nyumba. Mtu mmoja, hata awe mnene vipi, hana mafuta ya kiasi hicho.

Kutoka pale juu aliweza kuliona banda la nguruwe. Aliteremka. Lilikuwa tupu, na kuta zote zimepakwa chokaa mpya, hata upande wa ndani ambao hakuna mgeni angeutazama.

Mwanamke aliyewalisha nguruwe hao aliitwa Jepkoech, mke wa mchungaji Kipkemei. Khaemba alimkuta kwenye shamba la pareto, akipalilia. Alimsalimu, akamwuliza nguruwe wameenda wapi. Ziliuzwa, akasema, bila kuinua uso. Lini? Alisema hakumbuki. Ndipo Khaemba akafungua kile kisanduku, akakishusha mbele yake.

Jepkoech alilitazama jino, na hakuligusa.

"Hii ni ya ile mama kubwa," alisema. "Ama ya dume. Sajini, hii ndiyo mlisema ni ya Thuo?"

"Ndiyo hii."

"Mimi hukunionyesha. Ulionyesha wanaume."

Ilikuwa kweli. Khaemba aliwaita wachungaji, akawaita wazee, akamwita mnyapara. Mtu mmoja tu katika shamba zima angelijua jino hilo kwa kulitupia jicho, na alikuwa amesimama mita ishirini tu, na ndoo ya makombo kichwani.

Baada ya hapo Jepkoech alisema yote. Homa iliingia bandani mwisho wa Mei. Masikio ya nguruwe yaligeuka rangi ya zambarau, na katika wiki moja walikufa kumi na tisa. Sheria ilitaka watu wa idara ya mifugo waarifiwe. Wangearifiwa, wangelifunga shamba, na majirani wa Halliday wangemchukia mpaka kaburini. Kwa hiyo bwana aliagiza nguruwe wapangwe chini ya kuni jioni, na mifupa ya ng'ombe imwagwe juu yao, atakayeuliza aambiwe ni desturi ya Wazungu. Waliobeba ni Jepkoech na Thuo. Thuo alijua kuandika, na alisema waziwazi kwamba ataandikia watu wa mifugo barua. Jepkoech aliambiwa akifungua mdomo atatoka shambani siku hiyo hiyo, yeye na Kipkemei na watoto.

"Lakini Thuo mimi nilijua amekufa kweli," alisema. "Nilifikiri aliungua pale pale, pamoja na hizo nguruwe. Sikujua mnamhesabu na meno yao."

Khaemba alimwambia hana kosa. Jepkoech alimtazama kwa namna ya kumhurumia, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kama angemtukana.

Sasa alifikiri polepole, kama alivyopaswa kufikiri Juni. Kama Thuo hakuungua, alienda wapi? Mwaka ule wa hali ya hatari, vita vya msituni vikiendelea, Mkikuyu hakuweza kwenda mbali bila cheti cha kusafiria. Vizuizi vilikuwa kila barabara, na aliyekosa karatasi alirushwa kwenye lori. Khaemba alikuwa ameuliza vizuizi vyote. Thuo hakukamatwa popote, na kutoka hapo akakata shauri kwamba Thuo amekufa. Hakufikiria kwamba mtu anaweza kukosa kukamatwa kwa sababu anayo karatasi. Na karatasi za shamba lile ziliandikwa na mkono mmoja tu, katika kitabu kilichokuwa juu ya meza ya verandani siku zote, karibu na birika la chai. Khaemba aliingia pale mara sita. Hakuwahi kumwambia mzungu afungue kitabu chake.

Alimwambia siku hiyo. Halliday alisema hicho ni kitabu cha shamba. Khaemba akasema sheria ya hali ya hatari inamruhusu polisi kukikagua wakati wowote. Hakuwa na hakika kama ni kweli, lakini alisema kama mwenye hakika. Vishina vya vyeti, vile vipande vinavyobaki kitabuni, vilikuwa vimepangwa kwa tarehe. Cha tarehe tatu Juni kilisema: Thuo, kibarua, kwenda Ndabibi, kazi ya maziwa. Chini yake palikuwa na sahihi nzuri ya mwalimu wa Kilatini.

"Ulijua yuko hai," Khaemba alisema.

"Nilimpeleka kwa binamu yangu kabla hapajapambazuka. Ana mshahara mzuri kuliko hapa. Hilo si kosa."

"Kaka yake atanyongwa."

Halliday alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala vizuri.

"Mimi sikusema lile ni jino la mtu, Sajini. Wewe ndiye uliyekuja nalo hapa ukisema hivyo. Nilingoja daktari wa Nairobi akusahihishe. Kila siku nilingoja lori la posta."

Khaemba alitaka kukasirika, akashindwa. Yeye pia alikuwa ameingoja Nairobi, huku faili limefungwa kwa utepe na jina lake liko juu kwa wino mzuri. Alichukua kitabu, akaondoka bila kuaga.

Polisi wa Naivasha walimpata Thuo Jumanne, akikamua ng'ombe kando ya ziwa, hana habari ya kesi wala ya laana. Jumatano mchana alikuwa amesimama ofisini kwa Inspekta Marsden, mkubwa wa Khaemba, akigeuza kofia mikononi. Inspekta alimtazama juu mpaka chini, akatukana kwa Kiingereza, akamtoa nje.

Kesi ya mauaji imekufa, alisema, hilo halina mjadala. Habari za nguruwe atawaachia watu wa mifugo. Lakini Kahiga hawezi kurudi nyumbani. Asiye na hatia hakiri mbele ya hakimu. Mtu aliyekiri kuua ndugu yake ana kitu moyoni, na kwa Mkikuyu mwaka huu kitu hicho kinajulikana: kiapo cha watu wa msituni. Ataingizwa kwenye orodha ya wanaopelekwa kambini bila kushtakiwa. Hivyo hapatakuwa na maswali kuhusu jinsi alivyokiri, na Sajini atabaki na cheo chake. Inspekta alilisema hili kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake mwavuli.

Khaemba aliweka karatasi mbili mezani. Alikuwa ameziandika asubuhi hiyo, kwa Kiingereza, kwa maneno mafupi. Zilieleza zile siku mbili za kusimama, na saa ngapi alimwagia Kahiga maji, na maneno gani alimwambia alipomtia jino kiganjani. Zilisema kwamba Kahiga alikiri kwa sababu alimwamini polisi.

Inspekta alizisoma mara mbili.

"Ukiziacha hapa, Ijumaa wewe ni konstebo. Na huenda ukashtakiwa."

"Najua, bwana."

"Bado unaweza kuzichukua."

"Sitazichukua."

Karatasi zilibaki mezani, na zikiwapo jina la Kahiga halingeweza kuingizwa kwenye orodha. Alhamisi, saa tatu asubuhi, walimtoa Kahiga kwenye lango la jela. Khaemba alikuwa amemwandikia Nyakio cheti yeye mwenyewe na kwenda kumchukua Kabazi kwa gari la polisi. Njia nzima mama alikaa nyuma na Thuo, amemshika mkono.

Kahiga alikuwa amekonda. Alipomwona Thuo alisimama, akamsogelea taratibu, akamshika kidevu. Kisha akamfunua mdomo kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua punda, akatazama meno ya mdogo wake upande mmoja, akatazama upande wa pili. Yote yalikuwapo. Alianza kulia bila kuondoa mkono.

Kwa mama yake hakwenda. Alibaki hatua kumi mbali, ameinamisha uso, maana aliyelaaniwa hamkaribii aliyemlaani mpaka aitwe. Nyakio alimwita kwa jina lake. Alitema mate kidogo ya baraka kifuani pake mwenyewe, akatema viganjani mwake na kumpaka, huku akiyarudisha yale maneno moja baada ya jingine kwa mpangilio ule ule aliotumia kuyatoa. Khaemba aliyajua, yalikuwa katika daftari lake. Mama alipomaliza alimtemea Thuo pia, kwa baraka, na wakasimama watatu pamoja.

Khaemba alivua kofia, akawasogelea. Hakuwa amepanga la kusema.

"Mama," alisema, "kosa lilikuwa langu. Yeye sikumpa nafasi, na wewe nilikuletea kitu ambacho sikukijua. Naomba unisamehe."

Nyakio alimtazama. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mchovu tu, kama mtu aliyemaliza kazi kubwa ya siku na jua bado liko juu.

"Mate yangu yamekwisha, mwanangu," alisema. "Yalikuwa ya hawa."

Aliwashika wanawe mikono, wakateremka barabara kuelekea stesheni. Khaemba alibaki langoni, kofia mkononi, mpaka askari wa zamu akamwuliza kama anaingia au anatoka.